Nani Aliununua Mpira Huu?

Boti ya zahanati imefungwa kwa kamba mbili kwenye gati, na nyuma yake inachomoza miguu miwili. Ni miguu ya mwanamke, imevaa mabuti ya mpira yaliyokatwa shingo kwa kisu. Mwenyewe amelala kifudifudi juu ya mbao, kichwa kimechungulia upande wa mashine, bisibisi mkononi na klipu mbili za chuma kati ya meno.

"Mtu asiguse kipira!" anafoka. Maneno yanatoka yamebanwa na klipu, lakini hakuna asiyeelewa.

Ni saa tatu asubuhi na jua limeshaanza kuuma. Mwanamke huyo amekata mpira unaopeleka petroli kutoka tangini hadi kwenye mashine. Kati ya ncha mbili amechomeka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, na pembeni yake kijibomba cha njia tatu kilichoshika kisaa cha duara chenye mshale mwekundu. Kwa mbali utadhani kinahesabu dakika. Kazi yake ni kuonyesha mashine inavyohangaika kunyonya mafuta yake.

Hapa gatini kinaitwa geji. Na mwenye nacho, fundi pekee wa kike katika karakana ya mashine za boti, anaitwa Mama Geji. Aliyempachika jina hilo alikusudia kumcheka. Miaka imepita, na yule mchekaji siku hizi humletea mashine zake huku amevua kofia.

Watu watatu wanamsubiri anyanyuke. Wa kwanza ni nahodha wa boti, mwanamume wa miaka hamsini na ushei, mikono kifuani, macho hayatulii. Wa pili ni baharia wake. Wa tatu ni Mkaguzi, kijana wa ofisini mwenye shati lililopigwa pasi na faili kwapani. Ametumwa na idara yenye boti aje kumalizia karatasi moja tu.

Karatasi hiyo ndiyo inayomfukuza nahodha kazi.

Wiki mbili nyuma mashine ya boti hii ilizima katikati ya maji, pistoni imeungua. Idara ilitoa hukumu kabla chuma hakijapoa: nahodha aliikimbiza mno. Imebaki saini ya fundi ya kuthibitisha, na fundi wa zamu ni Mama Geji. Ofisi ilidhani ni jambo la dakika tano.

Kumwambia nahodha huyu kwamba ana mbio ni tusi linalochekesha. Jina lake la utani ni Taratibu. Abiria wa ng'ambo wana kauli yao: ukipanda na Taratibu asubuhi, beba na chakula cha mchana.

"Miaka kumi na tisa naendesha," anasema. "Nimeitwa kobe, nimeitwa bibi harusi, nimenyamaza. Leo naambiwa nina mbio! Hilo nalo nikaliweke wapi?"

Ili mtu aelewe kilichotokea, ni lazima kwanza aelewe kipira. Kwenye mpira wa mafuta wa kila boti ya namna hii kuna kipira kinene, mfano wa yai kubwa. Kabla ya kuwasha unakibinya mara kadhaa, mafuta yanapanda, kipira kinakuwa kigumu, unakiacha. Mashine ikishawaka hujinyonyea yenyewe kwa pampu yake ndogo.

Kwenye boti ya zahanati hakiachwi. Baharia hukaa nyuma kabisa, uso kwenye mashine, akibinya kipira hicho kutoka gati hili hadi gati la ng'ambo. Dakika hamsini kwenda, dakika hamsini kurudi. Akipumzika, mashine inakohoa. Akizidi kupumzika, inazima. Amefanya hivyo miaka minne. Wanamwita Mkamuaji, na jina limekolea hata muuguzi wa zamu huandika kwenye orodha ya safari: nahodha mmoja, muuguzi mmoja, mkamuaji mmoja.

Yaani ubovu umepewa cheo. Idara nzima, yenye wahandisi na magari na viti vinavyozunguka, imemtazama mtu akikamua kipira miaka minne na haikujiuliza kwa nini. Iliona nafuu kumgeuza binadamu kuwa kipuri.

Mkamuaji mwenyewe ana masihara. Anakunja mikono ya shati na kuonyesha mikono yake miwili.

"Huu wa kulia wa bondia, huu wa kushoto wa karani. Mke wangu halali upande wa kulia. Anasema nikiota niko safarini nitamkamua shingo."

Gati lote linacheka. Mama Geji hacheki. Ameshanyanyuka, anajifuta petroli kwenye suruali.

"Wamekufanya mpira, nawe unafurahia," anamwambia.

"Sasa dada, nifanyeje? Si ndiyo kazi?"

"Kazi yako ni baharia. Kufunga kamba, kuangalia mbele, kumshika mgonjwa asianguke. Hayo nani anayafanya?"

Mkamuaji anakuna shingo. "Muuguzi."

"Na muuguzi akiwa anafunga kamba, mgonjwa anashikwa na nani?"

Hapo masihara yanaisha, kwa sababu kila aliyesimama gatini anaikumbuka ile safari ya wiki mbili nyuma.

Siku hiyo kulikuwa na wagonjwa sita. Mmoja ni mshonaji nguo wa ng'ambo ambaye figo zake zimegoma. Mara mbili kwa wiki huvushwa kwenda hospitali kuoshwa damu. Alilazwa kwenye machela. Katikati ya mkondo wimbi liliipiga boti ubavuni, machela ikateleza, muuguzi peke yake hakuiweza. Mkamuaji aliacha kipira, akaruka, akaishika machela kwa mikono miwili. Taratibu alikuwa ameongeza mwendo ili atoke kwenye mkondo ule asipinduliwe. Kwa dakika kama tatu hakuna aliyekamua. Dakika hizo zilitosha.

Walielea juani kwa muda wa saa tatu mpaka boti ya mchanga ilipowaona na kuwavuta. Mshonaji alikosa zamu yake ya kuoshwa damu, akafika amevimba uso, akalazwa siku tisa. Yu hai. Anaposimulia hushika shavu, kana kwamba bado linavimba.

"Mtu anaacha kukamua ili mgonjwa asidondoke, mashine inakufa," anasema Mama Geji. "Huo ni usafiri wa wagonjwa au ni mtego? Halafu wanakuja na faili kumtafuta dereva."

Anaeleza kwa ufupi, kama mtu aliyechoka kueleza. Mashine hizi hunywa petroli iliyochanganywa na oili humohumo tangini. Ikinyimwa petroli, imenyimwa oili pia. Inakauka, inapata joto, pistoni inalika. Ukiifungua unaona chuma kilichoungua, basi. Chuma hakisemi kilinyimwa na nani. Na mwenye haraka ya kwenda kula anaandika: dereva.

Hilo neno yeye analijua kwa kina. Liliingia nyumbani kwake.

Miaka tisa iliyopita mumewe alikuwa nahodha wa idara hiihii. Mashine yake iliungua vivyo hivyo, naye akatolewa kwa maneno matatu: Uzembe wa dereva. Mama Geji wakati huo alikuwa mfagiaji wa karakana, na mchana aliosha vipuri kwa mafuta ya taa.

"Mume wangu alikuwa ananiambia nyumbani, kile kipira kinasinyaa chenyewe, kama shavu la mtu anayefyonza. Kipira kikisinyaa, nyuma yake kumebanwa. Hilo halitaki shule. Nikamuuliza fundi mkuu: mpira wa mafuta umepimwa? Wakacheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Mfagiaji anauliza habari za mpira!"

Fundi mkuu alikuwa na geji. Ilikuwa juu ya meza yake, safi kabisa, haijawahi kufungwa popote. Alikuwa anaitumia kukandamizia karatasi ili zisipeperushwe na feni.

"Nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi," anasema, na sauti inapanda. "Kifaa cha kumwokoa mume wangu nilikuwa nakifuta vumbi kwa mkono wangu, juu ya karatasi ya kumfukuza. Sikujua. Nilipojua, alishaondoka kazini."

Siku alipoiomba geji hiyo, fundi mkuu alimpa kwa kejeli, mbele ya watu: chukua, ukapime chumvi nyumbani. Aliichukua. Alikaa miaka miwili na kitabu cha mashine chenye picha nyingi na maneno asiyoyajua, na kamusi iliyotoka jalada, akisoma saa ya chakula wakati wengine wanalala chini ya benchi. Alianza kupima mashine zilizotelekezwa. Kisha zilizoshindikana. Leo kwenye karatasi za mishahara bado ameandikwa "msaidizi", ila mashine ikigoma kweli, hakuna anayemwita msaidizi.

Mumewe sasa analinda geti la ghala la mbolea. Cheti chake cha unahodha hawakumnyang'anya, walimnyang'anya boti. Hapiti gatini. Akitumwa upande huu huzunguka kwa nyuma ya maghala, nusu saa zaidi, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

"Haya, washa," Mama Geji anamwambia Taratibu.

Mashine iliyopo ni mpya, ilifungwa wiki iliyopita badala ya ile iliyoungua. Hilo peke yake lingetosha kumzindua mtu. Mashine mpya, haina mwezi, na Mkamuaji tayari anaikamua.

Wanatoka nje ya gati. Mkaguzi ameshika faili kwa mkono mmoja na ukingo wa boti kwa mwingine. Mama Geji kwanza anaubana mpira mweupe kwa koleo sekunde chache. Mshale unaruka juu. Pampu ya mashine ina nguvu zake, haina lawama. Anauachia.

"Sasa ongeza. Mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho?" Taratibu anauliza, kama mtu aliyeambiwa avue nguo.

"Mpaka mwisho, kaka. Leo ruhusa."

Boti inanyanyua pua. Mshale uliokuwa kwenye moja unapanda mbili, nne, tano. Ndani ya mpira mweupe petroli inapita safi, haina hata povu, maana yake hakuna pengo linaloingiza hewa. Mshale unapita sita. Mashine inaanza kukohoa. Mkono wa kulia wa Mkamuaji unaondoka kwapani na kwenda kwenye kipira.

"Mkono!"

"Unakwenda wenyewe, dada! Wallahi sijautuma!"

"Ukalie!"

Mkamuaji anaukalia mkono wake. Mama Geji anamgeukia kijana wa ofisini.

"Soma."

"Mimi?"

"Una macho. Soma kwa sauti, na wengine wasikie."

Mkaguzi anainama. "Saba. Saba na kidogo."

"Kitabu cha mashine kinasema mwisho nne. Punguza, kaka, usije ukaiunguza na hii wakakuandika tena."

Anabadilisha chujio la mafuta palepale, boti ikiyumba. Wanarudia. Mshale unasimama sita na nusu. "Chujio lina hatia yake, ila ndogo," anasema. Kisha anafungua mpira wote wa boti, anauweka kando, na kuunganisha mashine na galoni lake mwenyewe la petroli kwa mpira wake mwenyewe, mnene, mpya. "Ongeza."

Safari hii boti haikohoi. Inalalia maji na kuondoka kama iliyofunguliwa minyororo. Taratibu anashika usukani kwa mikono miwili, midomo inamcheza. Mkamuaji, ambaye hana cha kushika, anageuka mbele.

"Jamani," anasema. "Miaka minne nilikuwa natazama tulikotoka tu."

"Soma," anasema Mama Geji.

"Mbili," anasema Mkaguzi. Halafu, kwa kuwa ametumwa na lazima aseme kitu: "Au labda geji yako ni mbovu, mama."

"Geji mbovu inasoma saba kwa mpira wenu na mbili kwa wangu? Basi hii geji ina chuki binafsi na ofisi."

Wakiwa wamerudi gatini anauchukua ule mpira wa idara na kuupasua kwa urefu kwa kisu. Kwa nje ni mnene, mweusi, unapendeza. Kwa ndani utando wake umeumuka na kufunga njia. Kalamu ya risasi haipiti. Pembeni, chini ya uchafu, maandishi yaliyofifia yanasema ni wa maji ya bustani, usitumike kwa mafuta.

Petroli iliula kidogo kidogo. Mpira ukavimba kama koo la mgonjwa, na mashine ikawa inakunywa kwa tundu la sindano huku binadamu mzima ameajiriwa kuisukumia matone.

"Nani aliununua mpira huu?" anauliza Mama Geji.

Mkaguzi anatazama viatu vyake. "Mimi sikuwepo."

"Mimi nilikuwepo. Ulikuja bunda moja refu, zikafungwa boti sita. Nikaunusa, nikaubinya, nikamwambia bwana wa ugavi, huu si wa petroli. Unajua alinijibu nini? Mama, wewe funga, kununua tuachie sisi. Bwana huyohuyo alikuwa ugavi wakati wa mume wangu. Siku hizi ni mkuu wa ugavi. Kila mashine ikiungua, yeye anapanda ngazi na dereva anashuka."

Kijana anafungua faili. Huenda si mtu mbaya. Ana jasho juu ya mdomo na ana bosi. Anatoa fomu na kumwonyesha mahali pa kuweka alama. Kuna visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa Uzembe wa dereva. Cha pili, Sababu za asili.

Mama Geji anaigeuza fomu. Anaangalia nyuma yake. Anairudisha.

"Pa mpira ni wapi?"

"Hapana pa mpira, mama. Ni hivyo viwili."

"Kwa hiyo kosa ni la dereva au la Mungu."

"Ndivyo fomu ilivyo."

"Aliyeipiga chapa hii fomu alikuwa na akili sana," anasema polepole, na wale waliokuwa wakisogea karibu wanasimama. "Alijua makosa yatakuwepo. Akatengeneza nyumba ya kuyaweka, akahakikisha haina mlango wa kwake."

Anachukua kalamu ya Mkaguzi kutoka mfukoni mwake bila kuomba. Chini ya visanduku viwili anachora cha tatu, kwa mkono, pembe zimepinda. Anaandika: Mpira wa maji ya bustani umefungwa kwenye petroli. Geji saba kwa mpira wa idara, mbili kwa mpira sahihi. Anatia alama. Anasaini.

"Hiyo itarudishwa," Mkaguzi anasema. "Ukiongeza kisanduku, fomu inakuwa batili."

"Irudi. Na wewe uliisoma geji kwa mdomo wako mbele ya mashahidi, nakuandika hapa. Kaka Taratibu, saini. Mkamuaji, njoo."

Mkamuaji haji. Amesimama na ule mkono wake mkubwa umening'inia, anaangalia mpira uliopasuliwa kama mtu anayeangalia maiti ya jamaa.

"Wakibadilisha mpira, dada," anasema kwa sauti ndogo, "mimi ni nani?"

Hakuna aliyelitegemea swali hilo. Ni swali la haki, na ndilo linaloonyesha uovu wenyewe umefika wapi: wamembana mtu kwenye ubovu mpaka anauogopa uzima. Mama Geji anamsogelea. Anapomjibu, hasira haimo upande wa Mkamuaji.

"Barua yako ya ajira imeandikwa nini?"

"Baharia."

"Basi. Mkamuaji wamekutengeneza wao, kwenye barua hayupo. Siku ile uliacha kipira ukashika machela. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa, na ndiyo uliyoifanya. Yule mshonaji angekuwa chini ya maji."

Mkamuaji anavuta kamasi, anachukua kalamu kwa mkono wa bondia, na kusaini kwa herufi kubwa za mtu asiyesaini mara nyingi. Mbele ya jina anaongeza neno moja: Baharia.

Barua ya idara ilitoka siku ya nne. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza inamrudisha nahodha kazini. Ya pili inampa onyo la mwisho kwa uzembe.

Mpira hautajwi popote. Lakini asubuhi ileile mpira mpya, mnene, wa petroli, uliletwa gatini umefungwa kwenye gazeti, bila hati ya kupokelea, kama kitu cha wizi.

"Onyo la nini?" Mama Geji anapiga benchi la karakana, spana zinaruka. "Kama alikosa, kwa nini wamebadilisha mpira? Kama hakukosa, onyo la nini? Na wanaliita la mwisho, la kwanza lilikuwa lini?"

Taratibu ameshika barua kwa ncha za vidole. Chini kuna mstari wa kusaini. Asiposaini harudi kazini. Karani amemwambia hivyo mara mbili.

"Dada, nina wanne wananitazama mdomoni," anasema. "Mkubwa wao ana mtihani mwezi ujao. Wewe ukikasirika unarudi kwenye mashine zako. Mimi nikikasirika narudi nyumbani."

Mama Geji anaziokota spana. Anayajua maneno hayo. Mumewe aliyasema, kisha akasaini, na saini yake ndiyo iliyokuja kutumika kumwambia kwamba alikubali kosa mwenyewe. Anamsimulia Taratibu habari hiyo yote, pole pole, bila kumwambia afanye nini.

Mchana Taratibu alikwenda kwa karani. Aliandika jina lake kwenye mstari, na mbele yake maneno mawili mengine: Nimepokea. Sikukubali.

"Hapo panaandikwa jina tu," karani alimwambia.

"Jina langu refu," Taratibu akajibu, na kwa mara ya kwanza maishani akatoka mahali haraka.

Karani alilalamika, akapiga simu, akaambiwa asubiri. Wagonjwa tayari walikuwa wamepanga foleni gatini na hapakuwa na nahodha mwingine. Saa nane boti iliondoka. Mkamuaji alikuwa mbele, kamba mkononi. Kipira kilikuwa nyuma peke yake, kigumu, hakuna anayekigusa.

Zimebaki boti tano zenye mpira kutoka bunda lile. Moja inabeba walimu, moja mchanga, moja ni ya doria, mbili ni za abiria. Mama Geji amenunua daftari la jalada gumu na kulipiga mistari: jina la boti, siku, geji kwa mpira wa idara, geji kwa mpira sahihi, saini ya nahodha. Atazipima moja moja siku zake za mapumziko. Akimaliza, daftari halipelekwi kwa mkuu wa ugavi. Litasomwa kwa sauti kwenye mkutano wa manahodha na mabaharia wote wa idara, na ombi litakuwa moja: fomu ichapwe upya, iwe na kisanduku cha tatu. Kosa la mnunuzi. Maneno hayohayo, yasipakwe asali. Na fomu ikishachapwa, faili la kwanza kufunguliwa upya ni la miaka tisa iliyopita.

"Watanifukuza?" anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. "Wanifukuze. Kwa kisanduku gani? Mimi si dereva na si Mungu."

Jumamosi jioni alikuwa mezani kwake, anasafisha kijibomba cha njia tatu kwa waya mwembamba. Mumewe alikuwa upande wa pili, sare ya ulinzi imetundikwa nyuma ya kiti, anakunywa chai yake. Alikuwa amesikia yote. Nyumba ina vyumba viwili na mkewe hana sauti ya kunong'ona.

"Kesho boti ipi?" mume aliuliza.

"Ya walimu."

"Geji inasomwa mashine ikiwa mwisho wa mwendo."

"Ndiyo."

"Na nahodha wa walimu yuko likizo."

"Najua."

Alizungusha kikombe kwenye meza, akakizungusha tena. "Sasa wewe unasoma geji. Usukani unashikwa na nani?"

Mama Geji aliupuliza mdomo wa kijibomba, akakiinua kwenye taa kuona kama kimezibuka.

"Tunaondoka saa moja," alisema. "Na hatuzunguki maghala. Tunapita gatini."